Historia ya Kuhesabu Deni la Nje

Deni la nje, yaani jumla ya fedha ambazo wakazi wa nchi moja wanawajibika kuwalipa watu, benki, mashirika na serikali zilizoko nje ya nchi hiyo, ni miongoni mwa takwimu zinazotajwa sana bungeni na magazetini, ingawa ilichelewa mno kupata kanuni moja ya kuikokotoa. Serikali zilikopa kwa wageni, zikashindwa kulipa na hata zikapoteza uhuru wao kwa sababu ya mikopo hiyo, karne nzima kabla ya mashirika makubwa ya fedha duniani kukubaliana, mwaka 1988, ni kitu gani hasa kihesabiwe na kipi kiachwe. Ukiifuatilia historia hiyo utaona mkondo mmoja unaojirudia: mgogoro unazuka, wadai wanatambua kwamba hawakujua ukubwa wa deni walilokuwa wakiliongeza kwa mikono yao wenyewe, na kanuni mpya inaandikwa kuziba pengo ambalo tayari limekwisha kuwagharimu wananchi wa nchi iliyokopa.

Wahesabu wa kwanza walikuwa wadai wenyewe. Katika karne ya 19 serikali zilizotaka mtaji wa reli, bandari na majeshi ziliuza hatifungani katika masoko ya London na Paris, hatifungani zikiwa ni hati za ahadi ambazo serikali huziuza kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na kila mwenye hati hulipwa riba kwa vipindi vilivyopangwa mpaka siku ya kurudishiwa fedha zake. Kwa kuwa wenye hati hizo walitawanyika na hakuna mmoja wao aliyekuwa na nguvu ya kuidai serikali peke yake, mwaka 1868 waliunda jijini London chombo cha kuwatetea, Baraza la Wenye Hatifungani za Nchi za Nje, ambalo liliandikishwa rasmi mwaka 1873 na ambalo taarifa zake za kila mwaka zilieleza, nchi baada ya nchi, nani amekopa, kwa riba gani, na nani ameacha kulipa. Taarifa hizo zilisaidia sana katika wakati wake, lakini zilihesabu kile tu kilichopita sokoni. Mkopo wa siri kati ya mtawala na benki, au deni la mkandarasi ambaye hajalipwa, havikuonekana humo.

Misri ilithibitisha upungufu huo. Mtawala wake, Khedive Ismail, alipozidiwa na madeni mwishoni mwa mwaka 1875, serikali ya Uingereza ilimtuma Stephen Cave kwenda Cairo kuchunguza hesabu za nchi hiyo, na ripoti yake ya mwaka 1876 inaweza kutajwa kuwa miongoni mwa majaribio ya awali ya mtu wa nje kujumlisha madeni yote ya dola moja, ya muda mrefu na ya muda mfupi, yaliyouzwa sokoni na yasiyouzwa. Mwezi Mei mwaka huohuo madeni hayo yaliunganishwa kuwa deni moja la takriban pauni milioni 91, na ukaundwa Mfuko wa Deni la Umma uliosimamiwa na wajumbe waliotoka katika nchi za wadai. Miaka sita baadaye jeshi la Uingereza liliingia Misri. Hesabu ya deni, tangu ilipoanza kufanywa kwa utaratibu wa kimataifa, ilikuwa chombo cha mwenye kudai, na hali hiyo haikubadilika upesi.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliziangusha nchi nyingi za Amerika ya Kusini na za Ulaya ya Mashariki katika kushindwa kulipa, na madeni hayo mabovu ndiyo yaliyoikuta Benki ya Dunia ilipoanza kazi mwaka 1946. Benki hiyo haikuwa na fedha za kutosha za kwake. Ilitegemea kuuza hatifungani zake mjini New York, na wanunuzi wa huko walikuwa haohao waliokuwa wakidai nchi ambazo Benki ilitaka kuzikopesha. Ndiyo maana Chile haikupata mkopo wake wa kwanza, mwaka 1948, mpaka ilipofikia makubaliano na wenye hatifungani zake za zamani. Kabla ya kutoa mkopo, Benki ilihitaji kujua mkopaji anadaiwa kiasi gani tayari na wangapi wanamngojea, na kutokana na haja hiyo ulianzishwa, mwaka 1951, Mfumo wa Taarifa za Wadaiwa, ambao mpaka leo ndio chanzo kikuu cha takwimu za deni la nje la nchi zinazoendelea.

Namna mfumo huo unavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu mabishano mengi yaliyofuata yamo ndani yake. Kila nchi inayokopa Benki ya Dunia hujifunga, kama sharti la mkopo, kutoa taarifa za madeni yake ya nje ya muda mrefu, yaani yale ambayo muda wake wa kulipwa unazidi mwaka mmoja. Kwa madeni ya serikali, ya mashirika ya umma na yale ya watu binafsi yaliyodhaminiwa na serikali, taarifa hutolewa mkopo kwa mkopo: tarehe ya kutiwa saini, jina la mkopeshaji, sarafu, kiwango cha riba, ratiba ya marejesho, kiasi kilichokwisha kutolewa na kiasi kilichobaki. Kutolewa kwa fedha ndiko kunakoanzisha deni katika hesabu, kwa hiyo mkataba wa dola milioni 100 ambao mkandarasi wake amelipwa dola milioni 30 huandikwa kuwa deni la milioni 30, na ripoti inayotaja milioni 100 huwa inataja ahadi tu. Taarifa za madeni ya kampuni binafsi yasiyo na dhamana ya serikali ziliongezwa baadaye, na kwa jumla tu, wala si mkopo kwa mkopo. Mfumo mzima umesimama juu ya neno la mdaiwa: ofisi ya Hazina au ya benki kuu isiyo na jalada la mkopo fulani haiwezi kuutolea taarifa mkopo huo.

Afrika Mashariki iliingia katika hesabu hizi ikiwa bado chini ya ukoloni, kwani mwaka 1955 Benki ya Dunia iliikopesha Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki dola milioni 24 kwa ajili ya reli na bandari, kwa dhamana ya Uingereza. Baada ya uhuru mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaliyoendesha reli, bandari, posta na simu yaliendelea kukopa, safari hii kwa dhamana ya pamoja ya Tanzania, Kenya na Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 likabaki swali ambalo hakuna kanuni ya takwimu iliyokuwa imelijibu: mkopeshaji anaendelea kudai, injini za treni na magati ya bandari yapo, lakini mkopaji hayupo tena, na wadhamini watatu kila mmoja anamtazama mwenzake. Mpatanishi aliyeteuliwa, Mswisi Victor Umbricht, alitumia miaka mingi kukagua mali na madeni hayo, na makubaliano hayakutiwa saini mpaka Mei 14, 1984, jijini Arusha, ambako thamani halisi ya mali ya Jumuiya iligawanywa kwa uwiano wa asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda. Ni mojawapo ya kazi nzito zaidi za uhasibu wa madeni kufanyika barani Afrika, na haikumbukwi inavyostahili.

Muda mrefu kabla ya hapo nchi tajiri nazo zilikuwa zimeanza kuhesabu kutoka upande wao. Mwaka 1967 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ambalo makao yake yako Paris, lilianzisha pamoja na Benki ya Dunia mfumo wa taarifa za wakopeshaji, ambamo nchi wahisani zilieleza mikopo ziliyotoa. Benki ya Malipo ya Kimataifa, iliyoko Basel nchini Uswisi, ilikusanya taarifa za madai ya benki za biashara dhidi ya wateja wa nchi nyingine. Mwaka 1973 Benki ya Dunia ilianza kuchapisha majedwali ya madeni ya dunia kama mfululizo wa kila mwaka. Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1970 deni la nchi moja liliweza kusomwa kwa njia mbili, kwa kauli ya mdaiwa na kwa kauli ya mdai. Kauli hizo zilitofautiana, nyakati nyingine kwa mabilioni, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuzipatanisha.

Hatari ya pengo hilo ilijitokeza kwanza Indonesia. Mwaka 1972 serikali ya nchi hiyo ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuweka kikomo kwa mikopo ya nje yenye muda wa kati ya mwaka mmoja na miaka 15, na Pertamina, shirika la mafuta la taifa, likaona mlango uliobaki wazi: likakopa kwa muda usiofika mwaka mmoja, likailipa mikopo hiyo kwa mikopo mingine ya namna hiyohiyo, na kuzitumia fedha hizo kujenga viwanda vya chuma na kukodi meli za mafuta. Mapema mwaka 1975 lilishindwa kulipa mkopo mmojawapo, na serikali ilipofungua vitabu vyake ikakuta madeni na ahadi za zaidi ya dola bilioni 10. Kikomo kilikuwa kimeheshimiwa kwa herufi. Tafsiri ya deni, iliyoandikwa kwa ajili ya kulidhibiti, ndiyo iliyomwelekeza mkopaji mahali pa kulificha, na somo hilo halikusahauliwa na waandishi wa kanuni za baadaye.

Zaire ilifuata. Bei ya shaba ilipoporomoka, serikali ya Mobutu ilikwenda Klabu ya Paris, yaani mkutano wa nchi wadai unaopanga upya ratiba za ulipaji, kwa mara ya kwanza mwaka 1976, na katika miaka hiyo ilibidi benki za uwekezaji kutoka Ulaya na Marekani ziajiriwe ili kuisaidia Kinshasa kujua inadaiwa nini na nani.

Lakini mgogoro uliolazimisha mageuzi ulikuwa wa Mexico. Mwezi Agosti mwaka 1982 Waziri wa Fedha Jesús Silva Herzog aliwaarifu Wamarekani kwamba nchi yake imeishiwa fedha za kigeni, na tarehe 20 ya mwezi huo wawakilishi wa benki walioitwa New York wakaombwa kusubiri malipo ya deni la msingi. Deni la nje la Mexico lilizidi dola bilioni 80, na benki zilizoikopesha zilikuwa zaidi ya 500, kubwa na ndogo. Kila benki iliijua sehemu yake kwa senti ya mwisho, na hakuna iliyojua jumla. Sehemu kubwa ya mikopo ya mwaka 1981 na ya miezi ya mwanzo ya mwaka 1982 ilikuwa ya muda mfupi, aina ileile ambayo mfumo wa Benki ya Dunia haukuikusanya mkopo kwa mkopo, na takwimu za Basel, ambazo ziliigusa, zilichapishwa baada ya miezi kadhaa kupita. Benki za biashara zilijibu kwa kuanzisha mjini Washington, mwaka 1983, taasisi yao wenyewe ya kubadilishana taarifa kuhusu nchi wakopaji. Wananchi wa Mexico, ambao mishahara yao halisi ilishuka kwa miaka iliyofuata, hawakuwa na taasisi ya namna hiyo.

Mwaka 1984 mashirika manne, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, Benki ya Dunia, Benki ya Malipo ya Kimataifa na lile la ushirikiano wa kiuchumi la Paris, yaliunda kikundi kazi cha pamoja cha takwimu za deni la nje. Baada ya miaka minne kikundi hicho kilichapisha kitabu kidogo ambacho umuhimu wake hauwezi kupimwa kwa unene wake, kwa kuwa humo ndimo ilimopatikana tafsiri ya kwanza iliyokubaliwa na wote: deni ghafi la nje ni kiasi, katika wakati maalumu, cha wajibu wa kimkataba wa wakazi wa nchi kwa wasio wakazi, uliokwisha kutolewa fedha na ambao haujalipwa, wa kurejesha deni la msingi pamoja na riba au bila riba, au kulipa riba pamoja na deni la msingi au bila hilo. Kila kipengele cha sentensi hiyo kilikuwa na mgogoro nyuma yake. Wajibu wa kimkataba uliziondoa hisa, kwa kuwa mwenye hisa hana ahadi ya kulipwa kiasi maalumu. Kutolewa kwa fedha kuliziondoa ahadi. Muda wa mkopo haukutajwa, hivyo mikopo ya muda mfupi iliyoizamisha Pertamina ikaingia ndani.

La kutazamwa zaidi ni neno wakazi. Kanuni haiulizi uraia wa mkopaji wala sarafu ya mkopo. Inauliza kila upande una kituo cha shughuli zake za kiuchumi katika nchi gani. Hatifungani ya serikali ya Tanzania iliyouzwa kwa shilingi Dar es Salaam lakini ikanunuliwa na mkazi wa Nairobi, jambo lililoruhusiwa kwa wakazi wa Afrika Mashariki tangu mwaka 2014, ni deni la nje kwa kanuni hii. Hatifungani ya dola iliyouzwa London na serikali ya Kenya, ikiwa imenunuliwa na benki iliyoko Nairobi, ni deni la ndani. Kwa kuwa hatifungani hubadilisha mikono kila siku na ni vigumu kumfuatilia mwenye nazo, ofisi nyingi za madeni bado huziainisha kwa sarafu au kwa soko zilikouzwa. Kwa hiyo nchi mbili zenye hali moja zaweza kutoa takwimu tofauti bila yeyote kati yao kusema uongo.

Ugumu mwingine ulitoka katika sarafu. Takwimu za kulinganisha huandikwa kwa dola za Marekani, ilhali mikopo imetolewa kwa yeni, faranga, pauni na sarafu nyinginezo. Mataifa makubwa yalipokubaliana mwezi Septemba mwaka 1985 kuishusha dola, yeni ilipanda kutoka takriban 240 kwa dola hadi chini ya 130 katika muda wa miaka mitatu, na nchi za Asia zilizokuwa zimekopa Japani zikaona deni lao likivimba katika majedwali bila kupokea mkopo mpya.

Kanuni ilikuwa imepatikana, lakini majalada hayakuwa tayari. Katika nchi nyingi za Afrika mikataba ya mikopo ilisambaa katika wizara, mashirika ya umma na balozi, na mara nyingi Hazina ilifahamu kuwapo kwa mkopo siku barua ya madai ilipofika. Programu za kompyuta za kutunza rekodi za madeni, moja ya Jumuiya ya Madola iliyoanza kutumika mwaka 1985 na nyingine ya shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ziliwapa watumishi wa ofisi hizo kazi ambayo haikuwahi kusifiwa hadharani: kufungua mafaili ya miaka 20, kulinganisha stakabadhi na kumwandikia mkopeshaji mmoja mmoja.

Tanzania ina kielelezo chake cha gharama ya rekodi mbovu. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, mwagizaji wa bidhaa alilipa shilingi benki hapa nchini, lakini benki kuu haikuwa na dola za kumpelekea muuzaji wa nje, na madai hayo yakarundikana katika akaunti ya malimbikizo ya madeni ya nje iliyokuja kujulikana na kila Mtanzania kwa herufi zake tatu, EPA. Wadai wengi walikata tamaa au wakauza madai yao, nyaraka zikapotea, na nani anamdai nani likawa jambo la kubuni. Ukaguzi ambao matokeo yake yalitangazwa Januari 2008 ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kutoka akaunti hiyo kwa makampuni 22, ama kwa nyaraka za kughushi ama bila nyaraka za kutosha. Kashfa ya EPA imeelezwa mara nyingi kuwa habari ya wizi, na ni kweli. Lakini kabla ya kuwa habari ya wizi ilikuwa habari ya deni lisilokuwa na daftari linaloaminika.

Mpango wa kuzipa nafuu nchi maskini zenye madeni makubwa, ulioanzishwa mwaka 1996, ulileta kipimo kipya. Thamani ya karatasi ya mkopo haikutosha tena, kwani dola 100 zilizokopwa kwa riba ya soko kwa miaka mitano ni mzigo mzito kuliko dola 100 zilizokopwa kwa ada ya asilimia 0.75 kwa miaka 40. Ikatumika thamani ya sasa, yaani kiasi ambacho, kama kingewekwa leo kwa riba ya kawaida, kingetosha kulipa marejesho yote yajayo. Kwa mkopo wa masharti nafuu wa Benki ya Dunia kiasi hicho kilikuwa chini ya nusu ya fedha zilizotolewa. Nchi ambayo thamani ya sasa ya deni lake ilizidi asilimia 150 ya mauzo yake ya nje, baada ya kiwango hicho kulegezwa mwaka 1999, ilistahili msamaha. Uganda ilikuwa ya kwanza kuukamilisha mpango huo, Aprili 1998, na Tanzania ilifuata Novemba 2001. Ili msamaha utolewe, kila mkopo ulipaswa kuthibitishwa na pande zote mbili, na zoezi hilo la upatanisho, ambalo wadai walilihitaji ili kugawana gharama, liliziachia nchi kadhaa za Afrika rekodi kamili kuliko zote zilizowahi kuwa nazo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyofika mwisho wa safari hiyo Julai 2010 ikipata nafuu ya takriban dola bilioni 12, ilionyesha jambo jingine ambalo majedwali huwa hayalielezi: sehemu kubwa ya deni hilo ilikuwa malimbikizo na riba zilizokua katika miaka ya vita, wakati ambapo hakuna senti iliyokuwa ikiingia nchini.

Wakati Afrika ikihesabu mikopo ya serikali, Asia ilishtushwa na mikopo ya benki binafsi. Korea Kusini mwishoni mwa mwaka 1997 ilikuwa na deni la serikali dogo na sifa njema, lakini benki zake zilikuwa zimekopa dola kwa muda mfupi, kwa sehemu kupitia matawi ya nje ambayo takwimu rasmi hazikuyahesabu, na akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imewekwa kwa kiasi kikubwa katika matawi hayohayo. Majibu yalikuwa ya haraka kuliko ya mwaka 1982. Shirika la Fedha la Kimataifa liliingiza deni la nje katika viwango vyake vya utoaji wa takwimu, mwongozo mkubwa wa wakokotoaji na watumiaji ukatoka mwaka 2003, na mwaka 2004 ikafunguliwa hifadhidata ya kila robo mwaka ambamo nchi huweka deni la sekta zote, la umma na la binafsi, katika jedwali la muundo mmoja. Mwongozo huo ulirekebishwa mwaka 2013.

Hata hivyo muundo mmoja haufanyi maana kuwa moja. Luxembourg, yenye watu wachache sana, ina deni ghafi la nje ambalo ni mara nyingi ya Pato lake la Taifa, kwa sababu ni kituo cha fedha kinachopokea amana za wageni kwa mkono mmoja na kuzikopesha kwa wageni wengine kwa mkono wa pili. Marekani inadaiwa na nchi za nje zaidi ya dola trilioni 20, nyingi zikiwa katika sarafu inayoitoa yenyewe. Kuziweka nchi hizo katika orodha moja na Malawi, kubwa juu na ndogo chini, kama orodha nyingi zinavyofanya, ni kupotosha wasomaji. Hata kugawa deni kwa Pato la Taifa hakumalizi tatizo, maana kigawanyo nacho hubadilika: Kenya ilipoanza kutumia mwaka mpya wa msingi katika hesabu zake, Septemba 2014, pato lake liliongezeka kwa takriban asilimia 25 na uwiano wa deni ukashuka bila shilingi moja kulipwa. Na anayelinganisha Kenya na Tanzania kwa kutumia ripoti za benki zao kuu anapaswa kujua kwamba takwimu ya Kenya ni ya deni la umma na lile lililodhaminiwa na serikali, ilhali Benki Kuu ya Tanzania hujumuisha katika deni la nje mikopo ya sekta binafsi, ambayo mwaka 2023 ilikuwa zaidi ya moja ya tano ya jumla yote.

Mapengo makubwa ya karne hii yametokana na usiri. Nchini Msumbiji, mwaka 2013 na 2014, serikali ilidhamini mikopo ya takriban dola bilioni 2 kwa kampuni tatu za ulinzi wa pwani na uvuvi wa jodari bila idhini ya bunge, na zaidi ya nusu ya fedha hizo haikujulikana kwa umma wala kwa Shirika la Fedha la Kimataifa mpaka Aprili 2016. Wafadhili walisitisha misaada, sarafu ikaporomoka, na ingawa Baraza la Katiba la nchi hiyo lilizibatilisha dhamana hizo kwa hukumu za mwaka 2019 na 2020, wananchi walikuwa wamekwisha kulipa kwa njia ya bei za vyakula. Senegal ilifuata: Mahakama ya Hesabu ilieleza Februari 2025 kwamba deni la miaka ya nyuma lilikuwa kubwa kuliko lilivyoripotiwa, na mwanzoni Shirika la Fedha likakadiria kiasi kilichofichwa kuwa takriban dola bilioni 7.

China nayo, ambayo si mwanachama wa Klabu ya Paris wala haitoi taarifa katika mfumo wa wakopeshaji ulioanzishwa mwaka 1967, imekuwa mkopeshaji mkubwa wa serikali za Afrika kwa mikataba ambayo mara nyingi ina vifungu vya usiri. Watafiti Sebastian Horn, Carmen Reinhart na Christoph Trebesch walikadiria mwaka 2019 kwamba takriban nusu ya mikopo ya China kwa nchi zinazoendelea haikuonekana katika takwimu za kimataifa. Benki ya Dunia ilianza mwaka 2020 kuchapisha kiasi kinachodaiwa na kila nchi mkopeshaji, jambo ambalo kwa miaka karibu 70 lilikuwa ndani ya mafaili yake pasipo kuonyeshwa. Kenya ilitoa hadharani sehemu ya mikataba ya mkopo wa China wa reli ya Mombasa hadi Nairobi Novemba 2022, miaka minane baada ya kutiwa saini, na reli yenyewe ikiwa imekwisha kubeba abiria kwa zaidi ya miaka mitano.

Kufikia mwisho wa mwaka 2023 deni la nje la nchi za kipato cha chini na cha kati lilikuwa dola trilioni 8.8, kwa hesabu ya Benki ya Dunia, na mwaka huo pekee nchi hizo zililipa dola trilioni 1.4. Takwimu hizo, kwa upande wa madeni ya umma, bado hukusanywa kwa njia iliyobuniwa mwaka 1951, mkopo kwa mkopo, kutoka ofisi za madeni za nchi takriban 120. Kwa hiyo orodha inayopelekwa Washington ipo tayari, ikiwa na majina, riba na tarehe zote, na mabunge ya Afrika Mashariki hayana sababu ya kuridhika na jumla moja inayosomwa siku ya bajeti: yaitake orodha hiyohiyo, mkopo kwa mkopo, ichapishwe nyumbani kabla ya kupelekwa nje.